Mtoto anawaka homa, kipimo kinasema hana malaria. Sasa nini?

Mtoto amelala mapajani mwa mama yake, mwili unawaka. Ana mwaka mmoja na nusu. Homa ilianza jana jioni, usiku kucha hakulala, na kulipopambazuka mama alimfunga mgongoni wakaenda zahanati. Muuguzi amemtoboa kidole, amedondosha tone la damu kwenye kile kipande cheupe cha plastiki, na sasa wanasubiri. Baada ya dakika 15 umetokea mstari mmoja tu.

"Mama, mtoto hana malaria."

Badala ya kufurahi, mama anakunja uso. Kama si malaria, mbona anawaka hivi? Nyumbani bibi wa mtoto ameshasema, hii ni malaria, tena imejificha. Akirudi mikono mitupu atamweleza nini?

Mama huyu ni wa mfano, lakini wazazi wengi wa Zuzu wameshakaa kwenye benchi hilo. Zuzu ni kata iliyo magharibi mwa Jiji la Dodoma. Wengine wanaijua kwa kituo kikubwa cha kupozea umeme, wengine kwa reli ya kati inayopita pale kwenda Tabora. Na kama ilivyo sehemu nyingi za Dodoma, mtoto mwenye homa akipimwa malaria, mara nyingi majibu ni hayo: hana.

Kinachofuata ndicho chenye uzito. Wapo wazazi wanaotoka zahanati na kwenda moja kwa moja duka la dawa kununua mseto. Wapo wanaokwenda maabara ya pili na ya tatu, hadi wapate mtu wa kuwaambia "ana malaria mbili" au "taifodi imepanda". Kama mtoto ana mafua ya kawaida, hasara itakuwa fedha na dawa alizomeza bure. Lakini kama ana nimonia, siku mbili zilizopotea zinaweza kuwa ndizo alizokuwa nazo.

Homa si jina la ugonjwa

Sehemu ya tatizo ipo kwenye lugha yetu. Kwa miaka mingi neno "homa" limetumika kama jina jingine la malaria. Mtu akisema "nina homa", anayemsikiliza anajibu "kapime malaria". Wazazi walio na watoto leo walikulia enzi ambazo mtoto akichemka alipewa klorokwini bila kupimwa, na baadaye SP. Hata wahudumu wa afya walifundishwa hivyo: homa kwa mtoto mdogo, tibu malaria.

Homa ni joto la mwili lililopanda. Kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi, mtoto ana homa. Ni dalili kwamba mwili unapambana na kitu, lakini kitu hicho homa yenyewe haikitaji.

Mambo yalibadilika mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kisha atibiwe kwa majibu. Tanzania imepita njia hiyo hiyo. Wakati huohuo malaria yenyewe imepungua. Takwimu za Serikali zinaonyesha kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano kilishuka kutoka asilimia 18.1 mwaka 2008 hadi asilimia 8.1 mwaka 2022. Huo ni wastani wa nchi nzima. Tabora iko juu ya asilimia 20, wakati Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi madogo kabisa.

Hapo kuna jambo ambalo mzazi wa Zuzu anapaswa kulikumbuka akiwa mbele ya muuguzi. Mtoto anayeishi mahali penye malaria kidogo hana kinga ya kutosha dhidi yake. Akisafiri na treni kwenda kumsalimia babu Tabora au Kigoma na kurudi, anaweza kuugua vibaya kuliko mwenyeji wa huko. Kwa hiyo kama mtoto amesafiri wiki za karibuni, lisemwe hata kama muuguzi hajauliza.

Mstari mmoja, mistari miwili

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho wahudumu wengi hukiita MRDT, hakiangalii mdudu kwa macho kama hadubini. Kinatafuta protini inayotolewa na vimelea vya malaria kwenye damu. Pembeni kina herufi mbili. Mstari wa C unaonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, na mstari wa T unaonyesha kwamba protini ya malaria imepatikana. Mistari miwili ni malaria, hata kama wa T umefifia. Mstari wa C peke yake maana yake malaria haikuonekana. Kama mstari wa C haukutokea kabisa, kipimo kimeharibika na kinarudiwa, hata kama wa T upo. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe.

Je, kinaweza kukosea? Ndiyo, mara chache. Vimelea vikiwa vichache sana, siku ya kwanza ya homa kwa mfano, kinaweza kuvikosa. Ndiyo maana mtoto akiendelea na homa baada ya siku mbili au tatu anarudishwa na kupimwa upya. Hilo ndilo jibu la hoja ya bibi kuhusu malaria iliyojificha: haitibiwi kwa kubahatisha, inapimwa tena.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo halizungumzwi sana. Ile protini hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea vyote kufa. Mtoto aliyemaliza mseto wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ilhali amepona, na homa ya leo ikawa ya kitu kingine. Kwa mtoto wa namna hiyo kinachosaidia ni hadubini. Mweleze mhudumu ni lini alitumia dawa ya malaria mara ya mwisho.

Watoto 1,005

Kama si malaria, ni nini basi? Swali hilo lilishafanyiwa kazi hapa hapa Tanzania. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kama wagonjwa wa nje Dar es Salaam na Ifakara. Hawakuishia kwenye malaria. Walichukua damu, mkojo, majimaji ya puani na picha za kifua kwa waliohitaji, kisha matokeo yakachapishwa mwaka 2014.

Malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5 tu ya watoto hao. Asilimia 62.2 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani mafua, kikohozi, koo na kifua, na wachache miongoni mwao walikuwa na nimonia iliyoonekana kwenye picha. Wenye maambukizi ya njia ya mkojo walikuwa asilimia 5.9. Wenye taifodi, asilimia 3.7.

Namba yenye maana zaidi kwa mzazi ni hii: watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Wapo waliokuwa na zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja.

Virusi haviuawi na antibiotiki. Si amoksilini, si sindano, si ile dawa ya unga yenye ladha ya ndizi inayochanganywa na maji. Mwili wa mtoto ndio unaovimaliza, kwa siku chache, ukisaidiwa na maji, chakula au maziwa ya mama, na dawa ya kushusha homa.

Tableti ya Morogoro na Mbeya

Tatizo ni kwamba muuguzi wa zahanati hana maabara kama ya watafiti. Ana kipimo cha malaria, kipimajoto, mizani, na foleni ya akina mama nje. Akishajua si malaria, njia rahisi ni kuandika antibiotiki "kwa tahadhari". Mama anaondoka ameridhika, foleni inasonga.

Ni kwa ajili ya hali hiyo ndipo ilipotengenezwa programu iitwayo ePOCT+, inayofanya kazi kwenye tableti. Taasisi ya Afya Ifakara na NIMR Mbeya, wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, waliijaribu kwenye vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya, kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022. Vituo 20 vilipewa tableti na vingine 20 viliendelea kama kawaida.

Muuguzi anaingiza umri, uzito na joto la mtoto. Programu inamuuliza: ananyonya? Anatapika kila kitu? Anakohoa? Hesabu pumzi zake. Kulingana na majibu, inamwambia kama kuna haja ya kipimo cha malaria, au kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, au tone la damu kwa ajili ya CRP. Hii CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Hupanda sana mwili unapopigana na bakteria, na mara nyingi hubaki chini kwenye magonjwa ya virusi. Mwisho programu inapendekeza ugonjwa, dawa na dozi kwa uzito wa mtoto, na uamuzi unabaki kwa mhudumu.

Kwenye vituo vya kawaida, watoto 70 kati ya 100 waliondoka na antibiotiki. Kwenye vituo vyenye tableti, walikuwa 23. Swali ambalo kila mzazi angeuliza ni kama wale walionyimwa walizidiwa. Walifuatiliwa hadi siku ya saba, na idadi ya ambao hali haikuwa nzuri ilikuwa karibu sawa pande zote mbili, asilimia 3.4 kwa wenye tableti na 3.7 kwa wasio nayo.

Kwa maneno mengine, karibu nusu ya watoto wote waliofika kituoni wangeweza kupewa antibiotiki wasizozihitaji. Na dawa hizo si pipi. Zinaharisha, na kila zinapotumika ovyo zinawapa bakteria mazoezi ya kuzizoea, hadi siku mtoto atakapougua kweli zisifanye kazi.

Mzazi asitegemee kukuta tableti hiyo kwenye kila zahanati. Lakini maswali yaliyomo ndani yake si siri ya kompyuta. Mengi yametoka kwenye mwongozo wa kutibu watoto ambao Tanzania ilianza kuutumia mwaka 1996, na mzazi anaweza kwenda na majibu yake kichwani.

Vipi kuhusu taifodi na UTI?

Magonjwa haya yapo kweli na watoto wanayapata. Kasoro ipo kwenye namna yanavyotajwa haraka haraka baada ya malaria kukosekana.

Kipimo cha Widal, kinachotumika maabara nyingi za mitaani kutafuta taifodi, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake, na askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa zamani au wakachanganywa na wa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo jibu la "taifodi imepanda" kwa Widal ya mara moja ni ushahidi dhaifu. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na hicho hupatikana hospitali kubwa.

Mkojo nao una masharti. Uliokingwa kwenye kopo lisilo safi, au kukamuliwa kutoka kwenye nepi, unaweza kuonyesha uchafu wa ngozi ukaitwa UTI. Muulize mhudumu namna ya kuukinga. Ni swali la kawaida, si ubishi.

Simu ya mzazi inavyosaidia

Simu iliyo mkononi mwako haipimi homa, hata kama kuna programu inayodai hivyo ukiweka kidole kwenye kioo. Kipimajoto cha duka la dawa ndicho kinachopima. Lakini simu ina saa, na saa inatosha kumchunguza mtoto kwa nimonia.

Msubiri atulie au alale, asiwe analia wala kunyonya. Mpandishe nguo hadi kifua na tumbo vionekane. Anza saa ya simu na uhesabu kila mara tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mbili, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, kikomo ni 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mtoto mwenye kikohozi akifika hapo anatakiwa zahanati siku hiyo hiyo, iwe kipimo cha malaria kilikuwa na mistari mingapi.

Kama anapumua kwa namna inayokutia wasiwasi, mrekodi video fupi. Watoto wana tabia ya kutulia wakifika mbele ya daktari. Piga picha pakiti za dawa alizokwisha kumeza, na uandike saa ulizompa.

Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure kwa ushauri. Kwa mtoto mchanga, mjamzito au mama aliyejifungua mwenye dharura, namba ya usafiri ni 115 ya mfumo wa m-mama, nayo ni bure.

Usipige simu, nenda

Zipo hali ambazo hazisubiri kuhesabu wala kuuliza. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa. Anayetapika kila anachomeza. Aliyelegea, haamki au hamtambui mama. Shingo iliyokakamaa. Kifua kinachobonyea chini ya mbavu anapovuta hewa. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote, hata kama anaonekana mchangamfu.

Na degedege. Hili linahitaji kusemwa taratibu, kwa sababu bado wapo wanaoamini degedege si ugonjwa wa hospitali na kwamba mtoto akichomwa sindano wakati ule atakufa. Degedege linaweza kuletwa na homa kali, malaria iliyofika kwenye ubongo, au uti wa mgongo. Mlaze kwa ubavu, usimwekee kitu mdomoni, usimpe maji wala dawa ya kunywa, na muondoke. Kama ni malaria kali, kinachohitajika ni sindano ya artesunate, na hiyo haipo kwa mganga.

Kuhusu kushusha homa nyumbani, parasetamo inatosha. Dozi yake hutokana na uzito, si umri wa kukisia, hivyo omba uandikiwe mililita ngapi na utumie kipimo kilichokuja na chupa. Kijiko cha jikoni hutofautiana nyumba na nyumba. Acha saa sita kati ya dozi na dozi, na usizidishe mara nne kwa siku. Asipirini si dawa ya homa ya mtoto. Blanketi nazo zitolewe, hata Juni na Julai upepo wa Dodoma unapokata. Na homa ikishuka kwa parasetamo haina maana ugonjwa umekwisha, imeshuka joto tu.

Rudi kwa yule mama

Tumrudie mama wetu wa Zuzu. Tuseme muuguzi hakuishia kwenye "hana malaria". Amehesabu pumzi mbele yake: 34. Ameangalia masikio na koo. Amemwambia ni mafua, amempa parasetamo, hakumpa antibiotiki, na ameeleza kwa nini. Kisha amesema: "Mama, ukiona anahema haraka, au homa ikifika kesho kutwa, mrudishe. Usisubiri tarehe."

Maelezo hayo yanachukua dakika tatu. Wahudumu wengi hawayatoi, kwa foleni au kwa mazoea, na mzazi asipoelezwa ndipo anapokwenda kununua maelezo dukani. Kama hukuambiwa urudi lini, uliza kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

Usiku wa pili mtoto anakohoa zaidi. Bibi anataka mseto ununuliwe asubuhi. Mama anamwambia, "Subiri kidogo, mama," anafunua nguo ya mtoto, anawasha tochi na saa ya simu, anahesabu. Arobaini na nane. Anahesabu tena akidhani amekosea: arobaini na saba. Kifua hakibonyei, mtoto ananyonya.

Kulipopambazuka wapo zahanati. Kipimo cha malaria kinarudiwa, mstari mmoja. Pumzi zinahesabiwa, bado ziko juu. Safari hii muuguzi anaandika amoksilini, vidonge vya kuyeyusha kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, asubuhi na jioni kwa siku tano, na anamwonyesha bibi, ambaye leo amekuja naye, namna ya kukiyeyusha kidonge kwenye kijiko.